Kunyamaza si kukubali

Wiki hii tena. Mama amemleta bintiye aliyebakwa, na kabla hawajaketi ananiuliza: “Kama kweli hakutaka, mbona hakupiga nduru?” Katika kazi yangu ya ushauri nasaha hapa Kisumu, sijui swali linalonichosha kuliko hilo. Huniuliza mama, huniuliza mchungaji, na linaloniuma zaidi, huniuliza aliyetendewa mwenyewe.

Mwili ulioshikwa na hofu kubwa si lazima upigane au ukimbie. Mara nyingi huganda: sauti hukwama kooni, miguu haitii, na mtu huona kila kitu bila kuweza kujinasua. Hachagui kuganda. Ukisubiri michubuko na nguo iliyoraruka ndipo uamini, wengi utawaita waongo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 42, haiulizi kama ulipiga kelele. Inauliza kama ulikubali kwa hiari, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Aliyelala hana uwezo huo. Aliyelewa chang'aa hadi hajijui hana. Anayetishiwa kufutwa kazi, uhuru wake uko wapi? Wazazi, nawasihi, neno lenu la kwanza lisiwe “mbona”. Mwambie mtoto, “Nimekuamini,” kisha nyamaza umsikilize.

Wanaume nao husema: “Lakini alikula nauli yangu.” Basi mdai nauli. Mtu anaweza kupanda matatu kutoka Ahero, akafika kwako, akakubali busu, kisha akasema basi. Ni hapo hapo unapoacha.

“Ana miaka 17 na ndiye alitaka.” Chini ya 18 ni mtoto, na kukubali kwake hakumwokoi mtu mzima. Mbuzi wa fidia waliopokelewa na wazee hawafuti kesi pia. Hiyo si ya familia kuifuta.

Halafu kuna hili la “aoge kwanza, hospitali kesho”. Hapana! Asioge. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, na aende hospitali leo. Halazimiki kupitia polisi kwanza ndipo atibiwe. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita huzipunguzia nguvu. Tembe za dharura za kuzuia mimba zina hadi saa 120.

Binti yule aliletwa siku ya tano asubuhi. Tembe aliziwahi. Zile dawa nyingine, muda wake ulikuwa umepita, na nyumbani walikuwa bado wanabishana kuhusu nduru.