Zakuska: neno lile lile, sahani siyo ile

Natafsiri Kirusi mwaka wa 12 huu, na neno lililonipa aibu kuliko yote wala siyo la mahakamani, ni la msosi tu: zakuska.

Kwa Warusi zakuska ni vile vitu vinavyotangulia mezani kabla chakula chenyewe hakijaja, matango ya kuchachushwa kwenye chumvi, samaki heringi, uyoga, mkate mweusi, na hasa hasa ni kile unachotupia mdomoni ukishapiga vodka. Yaani sisi tunashushia chakula kwa kinywaji, wenzetu wanashushia kinywaji kwa chakula hahaha. Na neno lenyewe linasema hivyo, kusat ni kung'ata, kusok ni kipande, halafu hiyo za- ya mbele hapo inaleta maana ya kufuatishia. Ni kama vitafunwa vyetu tu, navyo si vimetoka kwenye kutafuna?

Wapolandi wanasema zakąska, hiyo ą unaipitisha puani. Kislavi cha zamani, lugha mama ya Kirusi, Kipolandi na ndugu zao, kilikuwa na irabu za puani, Kirusi kikazipoteza zikawa u au ya, Kipolandi kikabaki nazo mpaka leo, ndo maana jino kwa Mrusi ni zub kwa Mpolandi ząb, mkono ni ruka na ręka. Ukishaushika huo mchezo maneno kibao yanafunguka yenyewe.

Sasa shida ni maana. Nilifika hoteli moja Sofia nikakuta kibao, zakuska saa 1 mpaka saa 4 asubuhi, nikajisemea hawa watu wanaanza kunywa mapema hivi, nikapita zangu. Kumbe Kibulgaria zakuska ni kifungua kinywa, na nilikuwa nimeshalipia! Nilishinda njaa mpaka mchana. Prague kwa Wacheki nako nikaagiza zákusek kabla ya supu, mhudumu akaniangalia weee, akaniletea keki ya krimu. Waslovakia nao ni hivyo hivyo, zákusok ni kitu kitamu cha mwisho. Waserbia angalau wako karibu na Warusi, kwao ni vile vitafunwa vya kwenye hafla.

Waromania siyo Waslavi ila neno walilibeba, zacuscă yao ni rojo la bilinganya za kuchoma, pilipili hoho nyekundu, vitunguu na nyanya, wanapika vuli wanajaza kwenye machupa ya kioo ya kuvukia baridi, unapaka kwenye mkate. Mtu akitoka Bucharest aniletee mbili, vodka abaki nayo.