Mzee wa Kanisa Si Msaidizi wa Mchungaji

Neno «mzee» limewapotosha wengi. Katika Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, ambalo chimbuko lake ni wamisionari wa Uskoti waliofika Kibwezi mwaka 1891, waumini wengi bado hudhani kuwa mzee wa kanisa ni babu mwenye mvi anayeteuliwa na mchungaji ili amsaidie kazi. Jina lenyewe la kanisa linakanusha dhana hiyo, kwani «presbiteri» limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mzee: ni kanisa linaloongozwa na wazee. Mzee anaweza kuwa mwalimu kijana au mama mfanyabiashara, mradi ametawazwa.

Mpangilio huu ni wa kale. Huko Geneva mwaka 1541, kanuni alizoandaa Calvin, kiongozi wa mageuzi ya Kiprotestanti, ziliweka wazee 12, wote wakitoka katika mabaraza ya mji, wakae na wachungaji kusimamia mwenendo wa waumini.

Jumapili ya Meza ya Bwana tunawaona wazee wakipitisha mkate na kikombe kutoka benchi hadi benchi, na nadhani hapo ndipo dhana ya usaidizi inapoota mizizi. Katika kikao cha kanisa, yaani baraza la mchungaji na wazee wake, mambo ni tofauti: mchungaji ndiye mwenyekiti, lakini uamuzi ni wa kikao kizima, naye hawezi kumfukuza mzee kwa hasira zake. Asiyeridhika na uamuzi huo hukata rufaa kwa presbiteri, yaani baraza la juu la eneo, ambako wachungaji na wazee huketi pamoja.