Gia tatu zikishikana, hakuna inayozunguka

Mimi hutengeneza kadi za stimupanki, na wiki jana nimeulizwa tena. Safari hii ni dada mmoja aliyetaka kadi 20 za harusi. "Lakini si ni kubandika tu gia kwenye karatasi ya kahawia? Mbona bei hiyo?" Nilikunywa maji kwanza, ndipo nikamjibu kwa adabu. Yale ambayo adabu ilinizuia kuyasema ndiyo haya.

Stimupanki (kwa Kiingereza steampunk, na steam ni mvuke) ni mtindo wa kuwaza dunia ambamo mvuke haukustaafu: ndege za mvuke, kompyuta za shaba, saa yenye bomba la moshi. Jina lenyewe lilibuniwa mwaka 1987 na mwandishi Mmarekani K. W. Jeter, katika barua kwa jarida la Locus, na alilitoa nusu kwa mzaha. Hapa Kenya jina hilo linaniletea balaa la peke yake, kwa sababu kwetu stima ni umeme. Mzee mmoja aligeuzageuza kadi yangu mezani, akaichungulia na nyuma, akauliza, "Sasa hii inawaka wapi?"

Kadi zinafaa mtindo huu kuliko watu wanavyodhani. Henry Cole alichapisha kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa huko London mwaka 1843, wakati reli zikitandazwa kote Uingereza. Kadi na gari la moshi ni watu wa rika moja.

Haya, gia.

Nenda makumbusho ya reli hapa Nairobi, usimame kando ya lile gari la moshi aina ya Garratt, nambari 5918, liitwalo Mount Gelai. Liliundwa Manchester miaka ya 1950, lina uzito wa zaidi ya tani 250. Tafuta gia kwenye magurudumu yake. Nakusubiri. Utaona pistoni, utaona vyuma virefu vinavyosukuma magurudumu mbele na nyuma kama viwiko vya mtu anayekanda chapati, utaona mabomba na riveti, zile pini za vichwa vya mviringo zinazoshikanisha mabamba. Magurudumu hayasukumwi na gia hata moja. Mvuke husukuma pistoni, pistoni husukuma chuma, chuma huzungusha gurudumu, basi. (Kuna magari ya moshi ya kupanda milima na kubeba magogo yaliyotumia gia. Nayajua, msiniandikie.) Gia mnazozipenda zimetoka kwenye saa, wala si kwenye mvuke. Kwa hiyo kadi iliyojaa gia tupu ni kadi ya fundi saa. Ukitaka ninuse moshi, nichoree bomba lenye maungio, geji ya presha, safu ya riveti kwenye ukingo. Riveti ni rahisi ajabu: geuza karatasi, weka juu ya sponji, bonyeza kwa kalamu iliyokwisha wino, nafasi sawa sawa. Zikipishana nafasi, jicho linakataa hata kama mdomo haujui sababu.

Na kama lazima uweke gia, basi zizunguke. Hapa ndipo ninapogombana na watu.

Gia mbili zilizoshikana huzunguka kinyume: moja kulia, nyingine kushoto. Ongeza ya tatu inayoshika zote mbili, kama mafiga, na umeifunga mashine. Ya kwanza inataka ya tatu iende huku, ya pili inataka iende kule. Hakuna inayosogea. Hivyo hivyo kwa tano katika duara, au saba. Sasa fungua simu utazame kadi za stimupanki, uhesabu mafiga.

Mimi mwenyewe niliyauza. Miaka ya mwanzo nilitengeneza kadi ya kustaafu kwa mzee aliyefanya kazi karakana ya reli maisha yake yote. Bintiye aliilipia vizuri. Baada ya siku chache akanitumia picha: mzee ameweka alama ya X kwa penseli juu ya gia zangu tatu, na chini ameandika, "Hii imekwama." Akaniambia mzee aliicheka siku nzima. Mimi sikucheka.

Tangu siku hiyo nakata gia zangu mwenyewe kwa boksi la biskuti, kwa hesabu hii: nusu kipenyo kwa milimita iwe sawa na idadi ya meno. Gia ya meno 24, bikari iwe milimita 24, kila jino pamoja na pengo lake nyuzi 15. Gia ya meno 36, bikari milimita 36, kila jino na pengo lake nyuzi 10. Meno ya zote mbili yatakuwa na upana mmoja, na vitovu vyake vikae umbali wa milimita 60. Duara hilo la bikari lipite katikati ya jino, nusu ya jino ibaki nje na nusu ndani. Ukilifanya ncha ya jino, gia hazitashikana, utanilaumu bure. Tundu la katikati litoboe kabla ya kukata meno, maana baada ya hapo boksi limeshalegea. Kisha pini ya miguu miwili, na anayefungua kadi anaweza kuzungusha kwa kidole. Nimeona watu wazima wakisahau kusoma ujumbe.

Kutu nayo. Shaba haishiki kutu nyekundu! Kutu nyekundu ni ya chuma. Shaba hufifia ikawa kahawia, halafu nyeusi, na pale maji yanapotuama huota ukijani. Ukipaka gia ya dhahabu madoa mekundu "ili izeeke", umetengeneza kitu kisichokuwepo duniani. Paka nyeusi kwanza, iache ikauke kabisa, kisha sponji yenye rangi ya dhahabu kidogo sana, iliyopanguswa kwenye gazeti mpaka karibu iishe, uguse migongo tu. Kijani kwenye pembe, tone moja.

Mengine kwa haraka. Karatasi isipungue gramu 300 kwa mita ya mraba. Gundi nyeupe hukunja karatasi, ikandamize chini ya vitabu usiku kucha. Supagluu huacha ukungu mweupe kwenye chuma kinachong'aa. Vipande halisi vya saa navinunua kwa fundi saa kwa mkebe, lakini saa ya zamani ambayo namba zake zilitengenezwa zing'ae gizani usiikwangue kamwe: mpaka miaka ya 1960 rangi ile ilitiwa radiamu, kitu chenye mionzi ya hatari, na hata mng'ao ukishakufa, radiamu bado ipo.

Sasa niseme lisilosemwa kwenye mafunzo. Kadi zangu za zamani, zile za mafiga, ziliuzwa kwa kasi kuliko hizi. Wateja wengi wanataka wingi wa gia, na huenda mimi ndiye ninayewaharibia raha. Jambo la pili ni zito zaidi. Mtindo huu unaitamani enzi ya Malkia Victoria, na enzi hiyo ndiyo iliyotuletea reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, 1896 mpaka 1901, iliyojengwa na maelfu ya vibarua kutoka India ambao karibu 2,500 kati yao walifia njiani. Nimeacha kuchora mabwana wenye kofia ndefu. Je, nikichora gari la moshi bila bwana nimebadilisha kitu, au nimemficha tu? Kuna siku nakata boksi nikijiuliza hivyo, halafu naendelea kukata.

Yule dada wa kadi 20, kwa njia, alitaka gia tatu: bwana harusi, bibi harusi na mtoto wao wa miaka 4. Nikamweleza habari ya mafiga. Nikamshauri tuzipange mstari mmoja, mtoto katikati, baba na mama pembeni. Wazazi watazunguka upande mmoja, mtoto kinyume chao. Akanyamaza kidogo, kisha akaandika: "Umemjuaje mtoto wangu?" Amelipa nusu, iliyobaki Ijumaa.