Usipike pilau siku ya dawa

Siku mama yangu alipowekewa dripu ya kwanza ya kemo, dawa ya saratani, nilikuwa mwanafunzi wa lishe, mwaka wa tatu. Nilitoka chuoni mapema, nikapitia Ngara kununua nyama, mchele, bizari, iliki na karafuu, nikafika nyumbani Pangani nikainjika sufuria. Kwetu pilau ndicho chakula cha kumwambia mtu kwamba anapendwa. Mama alikula vijiko vitatu ili nisivunjike moyo. Usiku alitapika hadi adhana ya alfajiri. Miaka miwili na zaidi baada ya hapo, dawa zikiwa zimeisha zamani, akisikia harufu ya karafuu harusini alikuwa akihama kiti.

Leo nina miaka 11 katika kliniki ya saratani hapa Nairobi, kazi yangu ikiwa chakula cha wagonjwa, na neno la kwanza ninalomwambia kila anayeanza kemo lilitoka jikoni kwetu: chakula unachokipenda kifiche siku ya dawa.

Sababu iko kwenye ubongo. Ukila kitu kisha moyo ukachafuka, ubongo hausubiri maelezo. Unakishtaki kile ulichokula mwisho, hata kama wewe mwenyewe unajua fika kwamba kilichokutapisha ni dripu. Mwaka 1978 mtafiti Mmarekani Ilene Bernstein alichapisha utafiti kuhusu watoto waliokuwa wakitibiwa saratani. Waliopewa aiskrimu ya ladha ngeni kabla ya dawa zinazovuruga tumbo waliikwepa zaidi walipoletewa tena baadaye, kuliko wenzao ambao hawakupitia hayo. Mara moja tu ilitosha. Miaka iliyofuata ukajaribiwa ujanja mzuri sana: mtoto apewe peremende yenye ladha kali baada ya chakula na kabla ya dawa. Lawama iliiangukia peremende, chakula kikasalimika. Mimi huwaambia hata watu wazima wabebe peremende ya ladha wasiyoijali. Ikichukiwa, hakuna kilichopotea.

Kwa hiyo siku ya dripu, na siku mbili tatu zinazofuata, tafuta vyakula visivyo na historia nyumbani kwako. Wali mweupe. Kiazi cha kuchemsha na chumvi kidogo. Mkate mkavu, biskuti za kawaida, uji mwepesi. Usije na njaa, kwa sababu tumbo tupu linaongeza kichefuchefu. Wengi wanatoka Githurai au Kayole saa kumi na moja alfajiri, wengine wamesafiri kutoka kaunti nyingine wakalala kwa jamaa, na wanafika kwenye foleni hawajaonja kitu. Kula kidogo kabla ya kutoka, na kwenye mkoba weka kipande cha kiazi kitamu au ndizi mbivu. Dawa ya kuzuia kutapika uimeze kwa saa ulizoandikiwa, usingoje mpaka moyo uanze kuchafuka.

Harufu ndiyo adui mkubwa wa siku hizo, na hapa naomba wanaopika wanisikilize. Nyumba nyingi za wagonjwa wangu ni chumba kimoja, meko iko hatua mbili kutoka kitandani. Kitunguu kikianza kukaangwa, mgonjwa hana pa kukimbilia. Kama jirani anakubali, pika kwake. Kama haiwezekani, pika usiku wa kuamkia dawa, chemsha badala ya kukaanga, acha mfuniko mahali pake na dirisha wazi. Chakula kilichopoa hunukia kidogo kuliko cha moto, ndiyo maana mtu aliyekataa yai linalofuka mvuke analila lilelile likiwa limepoa. Tahadhari moja: anayepewa oksaliplatini, mojawapo ya dawa za kemo, asiguse vinywaji baridi siku za mwanzo baada ya dawa. Baridi humchoma koo kama sindano na kumfanya ahisi anakabwa. Yeye kila kitu kiwe cha uvuguvugu.

Dawa nyingi hutolewa kila baada ya siku 21, na mimi hupika kwa kalenda hiyo. Siku za mwanzo ni za kichefuchefu. Wiki ya pili kichefuchefu kinapungua, lakini mdomo unaanza kuuma na kinga inashuka. Wiki ya tatu mtu anarudi kuwa yeye. Si kila mwili unafuata ratiba hii, wala si kila dawa, lakini ukiandika kwenye daftari mzunguko wa kwanza, wa pili hautakushtukiza.

Wiki ya vidonda mdomoni nitaieleza kwa urefu, maana hapo ndipo uzito unapotea haraka. Ndimu, nyanya, pilipili, machungwa na crisps zipumzike. Suuza mdomo mara nyingi kwa kikombe cha maji ya uvuguvugu chenye robo kijiko cha chai cha chumvi, uteme. Chakula kiwe laini, kinachoteleza. Mukimo unafaa sana ukiondoa mahindi: ponda viazi na majani ya malenge yaliyoiva vizuri, tia maziwa ya moto na kijiko cha siagi mpaka iwe laini kama krimu. Watu wa magharibi mwa Kenya wana hazina nyingine, mrenda, mboga ya majani inayoteleza. Ule mtelezo ambao wengine wanaukimbia ndio unaosukuma tonge la ugali kwenye koo lililokauka. Mzee mmoja aliyekuwa akipigwa mionzi ya shingo aliishi kwa mrenda na ugali laini majuma kadhaa, na bintiye alikuwa akiuleta kwenye chombo kilichofungwa kwa leso.

Na uji. Uji wa wimbi ndio chakula ninachokiamini kuliko vyote, lakini si ule wa maji na sukari peke yake. Koroga vijiko vitatu vya kulia vya unga kwenye kikombe cha maji baridi hadi mabonge yaishe, umimine kwenye kikombe kingine cha maji yanayochemka, uendelee kukoroga. Upike taratibu dakika kumi hadi kumi na tano. Uji usioiva unakwaruza koo. Kisha ongeza kikombe cha maziwa yaliyotiwa vijiko viwili vya maziwa ya unga, na kijiko kimoja cha siagi ya njugu iliyosagwa laini. Uache upoe kabla ya kunywa. Chai na uji wa kuunguza ulimi ni mazoea yetu, lakini mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Koo lenye vidonda halihitaji kuchomwa zaidi.

Uji huohuo unafaa pia kwa wanaolalamika kwamba kila kitu kina ladha ya chuma. Hao, kama mdomo hauna vidonda, wapewe uji uliochachushwa: unga ukae na maji siku moja au mbili, kisha uchemshwe vizuri. Uchachu unaifunika ile ladha. Ukwaju na ndimu kwenye mchuzi hufanya hivyo pia, na kijiko cha mbao au cha plastiki ni bora kuliko cha chuma.

Hesabu yangu ya protini ni rahisi. Mgonjwa anahitaji zaidi ya gramu moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ikiwezekana ifike gramu moja na nusu. Mwenye kilo 60 anatafuta gramu 60 hadi 90. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8. Ukiona hivyo unaelewa kwa nini sahani ya sukuma wiki na ugali peke yake haitoshi, na kwa nini ndengu zilizopikwa mpaka zikapasuka, omena, maharagwe na mala vina nafasi kubwa kuliko juisi ya bei ghali.

Jambo la juisi na makatazo linaniumiza. Wagonjwa wanafika wakiwa wamekatazwa na watu wema: sukari inalisha saratani, acha, nyama acha, maziwa acha, ngano acha. Mama mmoja kutoka Umoja alikuwa amebaki na kabichi na maji ya ndimu, na gauni lilikuwa linamning'inia. Ni kweli seli za saratani zinatumia glukosi, lakini seli zote za mwili zinaitumia, na usipoila, mwili unavunja misuli yako ili uitengeneze. Kiasi cha kemo kinapigiwa hesabu kwa urefu na uzito wako. Ukikonda sana, matibabu yenyewe yanaweza kuahirishwa. Mwenye kisukari, au anayepewa deksamethasoni, dawa inayopandisha sukari ya damu, tutapanga naye kivyake. Wengine, kijiko cha sukari kinachokuwezesha kumaliza kikombe cha uji kina kazi.

Bitiruti nayo inaombwa iongeze damu. Inywe ukiipenda, lakini usishtuke mkojo ukiwa mwekundu, na usiihesabu kama tiba: damu inapungua kwa sababu kemo imegusa uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Stafeli sivyo. Tunda lake ni tamu, lakini mbegu na majani yana sumu inayodhuru neva, na hayajathibitishwa kutibu saratani kwa binadamu. Tafadhali niambie kila mti shamba unaokunywa. Sitakugombeza. Ninahitaji kujua kabla haujagongana na dawa.

Kinga ikiwa chini, takriban siku ya 7 hadi ya 14, usafi unakuja mbele ya kila kitu. Maziwa ya mashine za mtaani yachemshe hata ukiambiwa yameshachemshwa. Yai liive hadi kiini kigande, nyama ya choma isiwe na wekundu ndani. Githeri ya kununua ichemshwe upya kabla ya kuliwa. Kachumbari ya kibandani iache. Ya nyumbani ioshe mwenyewe kwa maji safi. Njugu zenye ukungu au ladha chungu zitupe zote, usichague nzuri kati yake, kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Na ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, usimeze panadoli ukalala. Nenda hospitali usiku uleule, useme uko kwenye kemo.

Tumbo likiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Likifunga, ambalo mara nyingi linatokana na hizohizo dawa za kuzuia kutapika, papai, maji na kutembea hadi getini. Siku ya tatu bila choo, tupigie simu.

Wiki ya tatu ndiyo ya kupika. Loweka maharagwe usiku kucha, yataiva haraka na gesi ya kupikia itadumu. Menya viazi ukiwa umeketi kwenye kigoda, mtu mwingine ainue sufuria. Wageni wakiuliza walete nini, usiseme "njooni tu", maana watakuja na soda na mkate. Waambie: trei ya mayai, pakiti ya maziwa ya unga, au saa moja ya kufua.

Ninalo ombi kwa wanaouguza. Najua kwa nini unasema "kula basi, jikaze". Nilisema hivyohivyo. Lakini sahani iliyojaa mbele ya mtu mwenye kichefuchefu inamchosha kabla hajaigusa, na akishindwa anakuona wewe umeumia, anabeba na hilo pia. Weka nusu kikombe kila baada ya saa mbili. Asubuhi mwachie uji kwenye chupa ya chai karibu na kitanda, umalizwe kabla ya mchana. Kuna saa fulani ya siku ambayo hamu inarudi. Kwa wengi ni asubuhi. Kaa tayari saa hiyo, na asipokula jioni, usihesabu. Mpime uzito mara moja kwa wiki, kwa mizani ileile. Mtu wa kilo 60 akipoteza 3 ndani ya mwezi, tunataka kumwona.

Wananiuliza kama chakula kilichochukiwa hurudi. Mara nyingi hurudi, lakini usikilazimishe. Subiri matibabu yaishe, kisha kilete kwa sura nyingine, kidogo, mahali pengine, kikiwa kimepoa. Kwa mama nilianza na wali wenye iliki peke yake, nyumbani kwa dada yake Nakuru, mlango ukiwa wazi. Mwezi uliofuata bizari kidogo. Mdalasini ulikuja baadaye sana, Idi ya mwaka wa tatu, na siku hiyo alijipakulia mwenyewe. Karafuu bado siweki.