Je, Wajua Kwa Nini Soko la Pike Place Limeweka Magari Chini ya Meza za Wauzaji?

Mgeni anayefika katika jiji la Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, akaegesha gari lake katika jengo lililo ubavuni mwa kilima kando ya barabara ya Western, hupanda lifti na kutokea moja kwa moja kwenye uwanja wenye meza za wauzaji wa Soko la Pike Place, ghuba ya Elliott ikiwa imetandaa mbele yake. Gari aliloliacha liko chini ya nyayo zake. Mpangilio huo una historia ndefu ya mabishano kuhusu ardhi ya pembeni mwa soko: je, apewe mkulima anayeleta mboga, mteja anayekuja na gari, au mjenzi anayetaka kuinua ghorofa?

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba soko hili lenyewe lilianza kama maegesho. Mwaka 1907 wakazi wa Seattle walikuwa wakilalamikia walanguzi waliokuwa wakinunua mazao kwa wakulima kwa bei ya kutupa na kuyauza mjini kwa bei ya kuruka. Bei ya vitunguu peke yake ilikuwa imepanda takriban mara kumi katika muda wa mwaka mmoja. Diwani Thomas Revelle alipendekeza wakulima waruhusiwe kuuza wenyewe barabarani, na Jumamosi ya tarehe 17 Agosti 1907 wakulima wachache walifika na magari yao ya farasi, wakayasimamisha kando ya barabara ya Pike Place, wakauza wakiwa juu ya magari hayo hayo. Umati ulikuwa mkubwa kuliko mzigo, na bidhaa zikaisha mapema. Vibanda vya kujikinga na mvua vilikuja baadaye. Kwa hiyo anayesema kwamba gari halina mahali sokoni atakuwa ameisahau siku ya kwanza. La kuuliza ni gari lipi linalosimama hapo, na kwa muda gani.

Hesabu ndogo inasaidia kuona ugumu wenyewe. Nafasi ya kuegesha gari dogo huchukua takriban mita 2.5 kwa mita 5, lakini gari haliwezi kufika hapo bila njia ya kupita na kugeuzia, hivyo kila gari hula kati ya mita za mraba 25 na 30 za ardhi. Turubai la kawaida la mkulima katika masoko ya Marekani lina upana wa mita 3 kwa 3, yaani mita za mraba 9. Eneo la gari moja, basi, lingetosha wauzaji wawili au watatu pamoja na kijia cha wateja. Kwa upande mwingine, mkulima huyo huyo hutoka mbali, na hawezi kubeba kreti za nyanya kichwani kutoka kituo cha treni. Asipopata pa kupakulia alfajiri, hatarudi wiki ijayo. Mzee mwenye fimbo aliyezoea kununua viazi vyake hapo naye ana hoja. Maegesho yakiondolewa yote soko hukauka, na yakiachwa yatambae juu ya ardhi yote, hakuna mahali pa kuweka meza.

Pike Place ilikaribia kufa kwa sababu kadhaa, na mojawapo haikuhusiana kabisa na magari. Wakulima wengi waliouza hapo walikuwa na asili ya Kijapani, na mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Marekani iliwahamisha kwa nguvu na kuwatia kambini, na meza zao zikabaki tupu. Kisha watu wakahamia vitongoji, wakanunua magari, wakaanza kununua chakula katika maduka makubwa yenye viwanja vipana vya kuegesha. Wafanyabiashara wa katikati ya jiji walitazama hali hiyo wakaona dawa yake ni kuiga vitongoji. Mwaka 1963 ulitangazwa mpango wa kubomoa sehemu kubwa ya soko na kujenga hoteli, ofisi, nyumba za kupanga na jengo kubwa la maegesho. Kwa maoni yangu kosa la mpango ule lilikuwa kudhani kwamba mtu anayefuata karoti zenye udongo bado kwenye mizizi angeendelea kuja hata baada ya karoti zenyewe kuondolewa ili yeye apate pa kuegesha.

Msanifu majengo Victor Steinbrueck na wenzake waliunda kikundi cha marafiki wa soko mwaka 1964, wakakusanya saini, na tarehe 2 Novemba 1971 wapiga kura wa Seattle wakaamua kulihifadhi soko kama eneo la kihistoria. Mwaka 1973 iliundwa mamlaka ya umma ya kulisimamia, ambayo jina lake limebeba maneno mawili yanayovutana: uhifadhi na uendelezaji. Mamlaka hiyo ilipaswa kukarabati majengo, kupangisha maduka, kulinda nafasi za wakulima na, kwa kuwa wateja hawakuacha kuja na magari, kuendesha maegesho pia. Hapa ndipo fundo la mambo lilipo. Maegesho yanayomilikiwa na soko lenyewe huingiza fedha, na fedha hizo husaidia kuendesha soko ambalo mwenye meza ya kabichi asingeweza kuligharamia peke yake kwa kodi ya pango. Mteja akilipia saa moja ya kuegesha, sehemu ya fedha yake inamchangia mkulima, ingawa yeye mwenyewe hajui.

Ubunifu wa kuficha magari uliwezekana kwa sababu ya kilima. Soko limekaa juu ya ukingo wa mteremko, na barabara ya Western iko chini yake. Katika ardhi tambarare maegesho ya chini ya ardhi ni ghali mno, kwa maana ni lazima kuchimba shimo lenye kuta pande zote nne na kupambana na maji, lakini penye mteremko jengo hupata mlango wa magari upande wa chini, na paa lake likalingana na ardhi ya upande wa juu. Paa hilo ndilo ardhi mpya ya soko.

Nafasi ya kuutumia mteremko huo kikamilifu ilikuja kwa sababu ya barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 1953 kando ya bahari, ikalitenga soko na ufukwe. Tetemeko la mwaka 2001 liliidhoofisha, jiji likaamua kuivunja, na nafasi nyingi za kuegesha zilizokuwa chini yake zikawa za kupotea. Soko lilikuwa na kiwanja kilichobaki wazi ng'ambo ya barabara ya Western, ambako jengo la zamani la soko liliungua mwaka 1974, na tangu hapo kikawa kiwanja cha magari tu. Juni 2017 palifunguliwa hapo jengo liitwalo MarketFront, lililogharimu takriban dola milioni 74: nafasi 300 za magari tumboni, nyumba 40 za wazee wenye kipato cha chini, maduka, meza 47 za wauzaji wa siku, na uwanja wa wazi juu yake. Kwa kuwa palijengwa kwenye kiwanja kitupu, hakuna muuzaji aliyelazimika kufungasha bidhaa zake kupisha ujenzi. Msomaji wa Dar es Salaam anayekumbuka moto wa Kariakoo wa Julai 2021, na jinsi wafanyabiashara walivyotawanywa katika masoko mengine wakati wa kujenga upya, atajua uzito wa jambo hilo. Mteja aliyehama si rahisi kumrudisha.

Idadi ya nafasi, hata hivyo, ni nusu tu ya jibu. Nafasi moja ikikaliwa na gari moja kuanzia asubuhi hadi jioni, imehudumia mtu mmoja. Magari yakipokezana kila saa, imehudumia wanunuzi wanane. Na mara nyingi gari linaloganda kutwa mbele ya soko si la mteja bali la mwenye duka au mfanyakazi wake, ambaye kwenye kikao ndiye mlalamikaji mkubwa wa uhaba wa maegesho. Marehemu Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alishauri kwa miaka mingi kwamba bei ya kuegesha barabarani ipangwe kwa kiwango ambacho kila mtaa utabaki na nafasi moja au mbili wazi. Bei ikiwa chini mno magari yatazunguka yakitafuta nafasi, na ikiwa juu mno nafasi zitabaki tupu. Ni ushauri usiopendwa na wengi, lakini hauhitaji zege.

Soko lisilo na ardhi yake huwa katika hali ngumu zaidi. Huko Santa Cruz, California, soko la wakulima lilizoea kufanyika kila Jumatano katikati ya mji, kwenye kiwanja cha maegesho cha manispaa. Manispaa ilipotaka kujenga hapo maktaba, nyumba za bei nafuu na jengo la maegesho, baadhi ya wakazi walipeleka pendekezo la kuzuia mpango huo kwenye kura ya Novemba 2022, wakashindwa. Kilichobaki kilikuwa kulitafutia soko uwanja mwingine wa kudumu. Waliopiga kura ya kukubali mpango hawakuwa maadui wa wakulima. Nyumba ni haja ya kweli katika mji ule wenye kodi kubwa za nyumba. Lakini turubai linalokunjwa kila jioni halionekani kwenye ramani ya ardhi, na kisichoonekana kwenye ramani ni rahisi kukihamisha.

Pike Place nayo haijamaliza mjadala wake. Asubuhi, kabla ya watalii kufika, msimamizi wa soko huita majina ya wauzaji wa siku na kuwagawia meza kwa kufuata ukongwe wao, wakulima wakitangulia kabla ya mafundi wa kazi za mikono, huku pikapu zikishusha maua nyuma yao. Kwa miaka mingi, baadaye mchana, barabara hiyo hiyo ya matofali ilijaa magari ya wageni yakitambaa katikati ya watembea kwa miguu, madereva wakitafuta nafasi ambayo haikuwapo. Aprili 2025 jiji lilianza majaribio ya kuizuia barabara hiyo kwa magari ya kawaida: wanaoshusha mizigo waliendelea kuingia, sawa na wateja waliokuja kuchukua bidhaa walizokwisha kuagiza, watu wenye ulemavu na magari ya dharura, na waliobaki wakaelekezwa kwenye majengo ya maegesho yaliyo chini ya kilima.