Nafasi ya kitako: kinachopimwa mtutu wa bunduki unapobadilishwa

Huko Marekani, ambako wawindaji na walenga shabaha wengi hubadilisha wenyewe mtutu wa bunduki juu ya meza ya kazi nyumbani, kuna ubishi wa miaka mingi kuhusu iwapo mtutu uliofungwa namna hiyo unaweza kulingana na ule uliokerezwa na fundi kwenye karakana. Ubishi huo hauwezi kueleweka mpaka ieleweke kwanza dhana moja, ambayo hapa nitaiita nafasi ya kitako. Huu ni umbali kutoka uso wa bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu), yaani pale kitako cha risasi kinapoegemea, hadi mahali ndani ya chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, panapoizuia risasi isisonge mbele zaidi.

Mahali hapo hutegemea umbo la risasi. Risasi ya .303 ya Waingereza, ambayo askari wa KAR waliitumia katika bunduki zao za Lee-Enfield, ina ukingo uliotokeza kwenye kitako, na ukingo huo ndio unaoizuia. Risasi ya .308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1952, huzuiwa na bega lake, pale ganda linapoanza kusinyaa kuelekea shingoni. Nafasi hiyo hupimwa kwa geji, yaani vipande vya chuma vya kupimia vinavyoingizwa ndani ya chemba. Kwa .308, geji ya kwanza, ambayo bolti lazima ifungike juu yake, ina inchi 1.630, na geji ya pili, ambayo bolti haitakiwi kufungika juu yake, kwa kawaida ina inchi 1.634. Tofauti yake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, takriban unene wa karatasi moja ya kuchapia.

Upana huo mdogo una uzito mkubwa kwa sababu ya kinachotokea baruti inapowaka. Kikomo cha mgandamizo wa .308, kwa vipimo vya SAAMI, taasisi ya Marekani ya viwango vya silaha na risasi, ni pauni 62,000 kwa kila inchi ya mraba, ilhali tairi la gari dogo hujazwa pauni thelathini na kitu. Ukuta wa ganda hutanuka na kung'ang'ania chemba, huku kitako kikisukumwa nyuma hadi kikutane na bolti. Nafasi ikizidi, shaba ya ganda hulazimika kuvutika ili kuijaza, nayo huvutika palepale juu kidogo ya kitako. Ukiliokota ganda la namna hiyo na kuligeuza kwenye mwanga, unaweza kuona pete nyembamba inayong'aa ikilizunguka, na ukiingiza ndani waya mwembamba uliopindwa ncha, ncha hiyo hudumbukia kwenye mfereji mdogo. Ganda hilo likijazwa baruti upya na kupigwa tena, linaweza kukatika na kurudisha gesi ya moto kuelekea usoni kwa mpigaji. Nafasi ikipungua mno, bolti hukataa kufungika, na hilo angalau hujionyesha mapema.

Sasa tunaweza kutazama njia hizo mbili. Bunduki ya Remington 700, iliyotoka mwaka 1962, ina mtutu wenye bega linalokazwa dhidi ya resiva, yaani mwili unaobeba bolti. Kwa kuwa bega hilo halisogei, kina cha chemba lazima kikatwe kwa vipimo vya resiva ileile na bolti yake ileile. Ndiyo maana fundi huufunga mtutu kwenye mashine ya kukereza, akachonga hesi, akachimba chemba kidogo kidogo na kupima kila mara. Anachouza hasa ni upimaji huo.

Savage 110, iliyotoka mwaka 1958, ilipita njia nyingine: mtutu wake hushikiliwa na nati. Mtutu wenyewe unaweza kusogezwa mbele au nyuma kwenye hesi, ukatulizwa kwa geji, kisha nati ikaufunga hapo. Kwa bunduki ya AR-15, kipande chenye meno ya kufungia bolti huwa kimekwisha kufungwa kwenye mtutu tangu kiwandani, hivyo nafasi huamuliwa na mtutu na bolti, wala si na mkono wa anayekaza nati. Siku hizi pia baadhi ya viwanda hutengeneza resiva zinazolingana kwa karibu sana, kiasi kwamba mtutu wenye bega unaweza kukerezwa mbali na bunduki yenyewe ukaja ukakaa barabara.

Kwa maoni yangu, basi, kuzilinganisha nyumba na karakana ni kukosea swali. Kazi ya vipimo haikwepeki, ila hufanywa na fundi, na kiwanda, au na mwenye bunduki akiwa na geji mkononi. Hatari kubwa ninayoiona ni pale mtutu wa kiwanda kimoja unapokutanishwa na bolti iliyotoka kwingine, halafu kila mmoja akadhani mwenzake ndiye aliyepima.

Sheria nazo hazifanani. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 huihesabu resiva kuwa ndiyo silaha, na mtutu peke yake si silaha. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka huohuo wa 1968, mtutu ni sehemu inayodhibitiwa na huhitaji kibali.

Hata kwa mfumo wa nati, kipimo kilichochukuliwa kabla ya kukaza hakitoshi. Nati inapokazwa kwa nguvu huuvuta mtutu kidogo kwenye hesi, na mtutu uliokuwa sawa unaweza kusogea kiasi cha karatasi ile. Kwa hiyo geji zote mbili hurudishwa ndani baada ya spana kuwekwa chini.