Jackson hakuwapa watu kura

Kuna hii stori imezoeleka sana, eti Andrew Jackson alivyoshinda urais wa Marekani 1828 ndo akawafungulia watu wa kawaida mlango wa kupiga kura. Hapana jamani, mpangilio ni kinyume, mlango ulishafunguliwa yeye akapita.

Mambo ya nani apige kura yalikuwa ya kila jimbo, rais hakuwa na mamlaka nayo. Vermont iliingia kwenye Muungano 1791 bila sharti la kumiliki mali, na majimbo mengi yakaliondoa taratibu kabla ya 1828, wakati Virginia, jimbo la kina Thomas Jefferson wenyewe, rais wa tatu wa Marekani, waling'ang'ania sharti la mali mpaka miaka ya 1850! Kilichobadilika sana ni kingine: 1824 majimbo sita bado wabunge wao ndo walikuwa wanateua wajumbe wa kumchagua rais, 1828 yakabaki mawili tu, Delaware na South Carolina. Ukichanganya na hasira za 1824, Jackson kaongoza kwa kura halafu Bunge likampa urais mpinzani wake John Quincy Adams, lazima watu wajae vituoni.

Tena hao "watu wa kawaida" ni wanaume weupe tu. New Jersey wanawake wenye mali walikuwa wanapiga kura, wakanyang'anywa 1807. New York 1821 waliwalegezea wazungu, ila mwanaume mweusi akabakiziwa sharti la mali ya dola 250. Pennsylvania nao 1838 wakawafuta weusi kabisa.